Taulo la Mtu Anayejifulia

Maiti ilikuwa chali kitandani, shuka limevutwa hadi kifuani, mikono imenyooshwa kila upande kama ya mtu anayepimwa nguo kwa fundi. Macho yalikuwa wazi.

Inspekta aliinama. Kwenye weupe wa macho aliona vidoa vyekundu, vidogo kama ncha za sindano. Akainua mdomo wa juu kwa kalamu yake. Ndani ulikuwa umechubuka na meno yameacha alama. Huyu hakufa usingizini. Huyu alizibwa pumzi.

Kisha akafanya jambo ambalo hakulipanga. Alinyoosha mkono akamfumba marehemu macho. Mkono ulikwenda wenyewe, kama ulivyokwenda mwaka jana hospitalini, juu ya uso mwingine.

"Afande," Sajenti alisema nyuma yake, kwa sauti ya chini. "Glavu."

Glavu alikuwa nazo mfukoni. Inspekta aliutazama mkono wa sweta lake la kazi, lile la buluu. Ulikuwa umejaa manyoya meupe ya taulo kama wa mtu aliyelala ghalani kwenye pamba. Uzi mmoja ulikuwa umeshaanguka. Ulikuwa umetua kwenye nyusi ya marehemu.

Sajenti aliuona pia. Aliinua kamera akapiga picha.

Marehemu alikuwa mjane mwenye gesti, na mtaa mzima ulimwita Mama Mataulo. Jina hilo halikumkera hata kidogo. Wageni walikuwa wakisema kwamba kwake mtu anaoga na kutoka na ngozi yake tu, si na manyoya yaliyomganda kwapani na ndevuni. Katika chumba cha uani aliishi mkwe wake, fundi wa redio, aliyekuwa mume wa binti yake wa pekee. Binti alishafariki. Dobi alikuja asubuhi na kuondoka jioni, na ndiye aliyeikuta maiti alipompelekea bosi wake mataulo makavu. Yalikuwa bado pale kitini, yamekunjwa vizuri.

Mgeni wa chumba cha pili, mchuuzi wa miwani, alihojiwa barazani.

"Ulisikia nini?"

"Ugomvi. Baada ya chakula cha mchana."

"Wa nani?"

"Yule dada anayefua. Alikuwa anasema, 'Sitaki, mama, sitaki.' Na mama anasema, 'Utachukua.'"

"Achukue nini?"

"Sasa hapo mimi sijui, Afande. Sikutega sikio. Ukuta wenyewe ndio kama karatasi."

Jioni ile Dobi alilala mahabusu.

*

Asubuhi, Daktari wa uchunguzi wa maiti alimpokea Inspekta mlangoni mwa chumba cha kuhifadhia maiti, miwani imeshuka puani.

"Nimekuta nyuzi."

"Wapi?"

"Nje na ndani. Za nje, nyusini na shavuni, ni pamba nyeupe iliyochanganyika na sufu ya buluu." Alimtazama kifuani. "Buluu kama ya hilo sweta lako."

Inspekta aliutazama mkono wa sweta. "Na za ndani?"

"Puani na kooni, mpaka chini kwenye koromeo. Pamba nyeupe ya taulo."

"Hizo amezivuta akiwa hai, Daktari. Maiti haivuti pumzi."

"Haivuti. Lakini mdomo uliufunua kwa kitu gani?"

"Kwa kalamu."

"Kalamu iliyokuwa wapi?"

"Kwenye mfuko wa sweta."

"Basi wakili atasema umezisukuma wewe." Daktari alivua miwani akaifuta kwa pindo la koti. "Hebu nikubandike selotepu hapo mkononi, tuzilinganishe. Kuna kingine. Zile za ndani hazina buluu hata moja. Zina nyekundu iliyoiva, damu ya mzee. Nyuzi nene, kama za blanketi."

Inspekta alinyoosha mkono kama mgonjwa anayetolewa damu. Taulo lililomtia manyoya yale alilijua. Lilikuwa la mkewe. Lilining'inia nyuma ya mlango wa bafu tangu msiba, hakuna aliyeligusa, mpaka Jumapili moja aliyoamka na hasira ya kusafisha nyumba. Akalitupa kwenye beseni pamoja na sweta, soksi na suruali, akamwaga sabuni bila kupima. Lilipokauka lilikuwa limeota vidonge vidonge kama ngozi yenye upele, na tangu siku hiyo kila alichovaa kilikuwa na manyoya.

*

Mkuu wa kituo alimsikiliza akiwa amesimama.

"Ungenyamaza, nani angejua?"

"Mimi ningejua."

"Dobi ana mataulo. Dobi amesikika akigombana. Marehemu ana nyuzi za taulo kooni. Mahakama inataka nini zaidi?"

"Za usoni ni zangu, Mkuu. Lazima niandike."

"Ukiandika hivyo umejichimbia. Watakuita kwenye nidhamu, na kesi watakutupia usoni."

"Najua."

"Basi gari la mahabusu linaondoka mchana. Likiondoka, Dobi yumo ndani. Usiniletee huruma, niletee mtu."

*

Dobi aliletwa kwenye chumba cha mahojiano, khanga ameikaza kiunoni. Swali la kwanza lilikuwa lake.

"Mama yangu amegeuzwa kitandani?"

"Jirani yako yupo naye," Sajenti alisema. "Nimempigia."

"Yule atamvuta kwa mkono. Mama havutwi mkono, anavutwa kwa shuka. Mwambie, tafadhali. Mgongo ukishachubuka haupoi."

Sajenti alitoka na simu. Inspekta aliketi. Alikuwa hajui aanzie wapi, akaanzia pale palipomuuma.

"Mataulo unayafuaje?"

"Mataulo?"

"Jibu."

"Peke yake. Taulo na taulo. Ukilitia na blanketi au sweta yanasuguana, moja linamwaga manyoya, jingine linayanywa. Jipya nalifua kabla halijamgusa mtu, maana hapo ndipo linapomwaga zaidi. Sabuni kidogo. Dawa ya kulainisha nguo hapana, Mama Mataulo alikuwa hataki hata kuisikia. Maji ya mwisho natia siki kidogo. Na beseni silijazi, likijaa yanakwanguana, ndipo yanapoota vidonge. Nikimaliza nayakung'uta kabla ya kuanika, na yakikauka nayakung'uta tena."

"Na kama lilishaharibika? Limeshaanza kumwaga?"

Sajenti alikuwa amerudi. Dobi alimtazama yeye, kisha akalitazama sweta la Inspekta.

"Afande, hilo unaliuliza kwa ajili ya kesi au kwa ajili ya sweta?"

Sajenti alikohoa ukutani.

"Vyote viwili," Inspekta alisema.

"Basi vidonge vinyoe taratibu kwa wembe, usikwangue. Kisha ufue peke yake, na siki. Litatulia. Halitakuwa jipya, lakini litatulia."

"Blanketi la rangi ya damu ya mzee. Gesti mnalo?"

"Hatuna. Yetu yote kijivu."

"Jana mlikuwa mnagombania nini?"

Dobi aliinama. "Gauni."

"Gauni gani?"

"La marehemu binti yake. La njano. Nguo nyingine alishazigawa, limebaki hilo moja. Akasema utachukua. Nikamwambia sitaki, mama, nguo ya mtu nitaivaaje na mumewe yupo uani? Akaanza kulia. Nikalivaa ili anyamaze, nikakatiza uani kwenda kufulia, nikalivua huko huko. Limo kwenye mfuko wangu, mmeuweka kaunta."

"Kwa nini hukusema jana?"

"Jana hamkuuliza habari za gauni. Mliuliza kwa nini nimemuua."

Inspekta aliweka kalamu mezani. "Uani ulimkuta nani?"

"Fundi. Aliinua macho kwenye redio aliyokuwa anaitengeneza, akayarudisha. Nilimsalimia, hakuitikia."

"Nguo za Fundi unafua wewe?"

"Anajifulia. Tangu mkewe azikwe. Mama Mataulo alinikataza kumgusia hata soksi. Alisema, 'Mwache aone mwanangu alikuwa anabeba nini.'"

*

Gari la mahabusu lilikuwa tayari limeegeshwa uwanjani walipotoka. Dereva alikuwa anapangusa kioo. Inspekta aliacha sweta ofisini, akaondoka na shati tu.

Gestini Sajenti alitandaza kitambaa cheusi mezani. Walikandamiza juu yake kila taulo lililokuwemo ndani, makavu na yaliyokuwa bado kambani, wakasugua kwa nguvu, wakainua. Kitambaa kilibaki cheusi kama kilivyotoka dukani. Inspekta alikipeleka dirishani, akakiinamisha huku na huku kwenye mwanga. Hakuna kitu.

"Kwa hiyo hayakutoka humu," Sajenti alisema.

"Twende nyuma."

Nyuma ya chumba cha uani, kwenye kijikamba cha waya kilichofungwa kati ya dirisha na bomba, kulikuwa na taulo moja. Lilikuwa jeupe, gumu, limejikunja pembeni. Limeota vidonge mwili mzima, na kila kidonge kilikuwa na chembe ya rangi ya damu ya mzee, kama vichwa vya njiti za kiberiti.

Inspekta alilitazama akahisi haya, kama mtu aliyekutwa na vitu vyake vya ndani vimeanikwa kwa watu. Safari hii alivaa glavu kwanza.

Fundi alikuwa mlangoni mwa chumba chake, bisibisi mkononi. Nyuma yake kitanda kilikuwa kimetandikwa blanketi jekundu lililoiva.

"Taulo hili lako?"

"Langu."

"Umelifua lini?"

"Jana. Jioni."

"Jana jioni mama mkwe wako alikuwa maiti."

"Kwani mfiwa hafui?"

"Hafui taulo moja." Inspekta alimkabidhi Sajenti taulo, akavuta kigoda akaketi, na kumwonyesha Fundi akae. "Unalifua pamoja na blanketi?"

"Beseni ni moja, Afande. Kwa kawaida natupa vyote humo."

"Hata mimi natupa vyote. Zamani alikuwa anakufulia nani?"

"Mke wangu."

"Alikuwa anafuaje?"

Fundi aliigeuza bisibisi vidoleni.

"Sijui," alisema. "Sikuwahi kuangalia."

"Hata mimi sikuwahi."

Ndani ya chumba redio ndogo ilikuwa inakoroma bila stesheni. Inspekta alijua gari liko uwanjani na dereva ameshamaliza kioo. Hakuharakisha sauti.

"Mama Mataulo ana pamba ya taulo mpaka kooni. Imechanganyika na nyuzi za blanketi, rangi kama hilo lako. Mataulo ya Dobi hayamwagi kitu, tumeyajaribu yote. Daktari ataliweka hili kwenye hadubini. Lakini mimi nataka kukuuliza jambo jingine. Lile gauni la njano, ulikuwa umeomba uachiwe?"

Bisibisi ilianguka. Fundi hakuiokota.

"Niliomba hilo moja tu," alisema. "Alikuwa amegawa viatu, amegawa vitenge, sikusema kitu. Nikamwambia, mama, hilo niachie. Akasema ataona. Jana nikainua macho, nikaliona linapita uani. Linatembea, Afande. Kwa muda mfupi sana nilidhani ni yeye."

"Ukaenda chumbani kwa mama."

"Nilikuwa nakwenda kuoga, taulo begani. Nikapitia kwake kumuuliza tu. Alikuwa amejilaza. Akasema, 'Ungempeleka hospitali siku ile aliyolalamika kichwa, leo angelivaa mwenyewe.' Alikuwa ananiambia hivyo kila siku. Asubuhi, hata chai sijanywa. Nilitaka anyamaze. Nilimwekea taulo mdomoni anyamaze kidogo."

"Ulishika mpaka lini?"

"Mpaka nikaisikia redio. Niliiacha wazi huku uani, na kule chumbani kwake huwa haisikiki akiwa anaongea. Nikaisikia vizuri kabisa, mpaka maneno. Ndipo nikajua." Alijifuta uso kwa kiganja. "Nilimnyoosha mikono. Nikamvutia shuka."

"Na Dobi ulimwona akichukuliwa."

"Nilimwona."

"Ana mama asiyeweza kujigeuza kitandani."

"Najua, Afande. Usiku kucha nimekuwa nikijiambia, nikimaliza hii redio nitakwenda kusema. Nimeifungua na kuifunga, nimeifungua na kuifunga." Akanyoosha mikono kabla hajaambiwa. "Mke wangu alisema kichwa kinamuuma. Nikamwambia alale, kitapoa. Hilo andika pia. Ni kweli."

Sajenti alimfunga pingu. Inspekta alikuwa ameshatoa simu, anaomba kwa Mungu kituoni waipokee. Ilipopokewa alisema maneno machache tu. "Zuia gari. Mteremshe Dobi."

*

Alipofika kituoni Dobi alikuwa kaunta anarudishiwa vitu vyake. Inspekta aliingia kwanza kwa Mkuu, akaandika maelezo yake, kwamba nyuzi za buluu zilizokutwa usoni mwa marehemu ni za sweta lake na zilitua pale kwa uzembe wake, akaweka sahihi. Mkuu aliisoma karatasi, akaikunja, akasema tu, "Utaitwa."

Kaunta, Dobi alitoa gauni mfukoni. Lilikuwa la njano, lina vifungo vidogo vya kitambaa kifuani. Alilisukuma mbele.

"Hili si langu. Mpeni Fundi."

"Litakaa kwanza kama kielelezo," Inspekta alisema.

"Likae. Lakini mkimpa, mpeni hivi hivi. Sijalifua." Alilishika kwenye ukosi kwa vidole viwili, kwa uangalifu. "Mimi nililivaa muda mfupi tu. Bado lina harufu ya mwenyewe. Hiyo nguo ukiifua mara moja basi, hata ukifua vizuri namna gani."

Inspekta aliitikia kwa kichwa.

"Na lile taulo lako, Afande. Siki. Peke yake."

"Ulishaniambia."

"Nilimwambia mpelelezi," Dobi alisema, akajitupia mfuko begani. "Sasa nakuambia wewe." Akatoka haraka kumwahi mama yake.

Inspekta alichukua mfuko wa vielelezo, akalitia gauni ndani bila kulikunjua. Alivuta lebo, akaandika nambari ya kesi, akaandika: gauni moja, njano. Kalamu ilisimama. Kisha chini yake, kwa herufi kubwa ambazo hata karani wa mahakama asingezikosa, akaandika: LISIFULIWE.