Mbegu Iliyorudishwa na Mgeni

Jioni hiyo alitoka kununua spiriti, basi. Mkuza uyoga yeyote huhitaji spiriti ya kuunguzia kisu ili kisibebe vijidudu, na yake ilikuwa imekwisha. Umeme ulikuwa umekatika tangu jana na mawingu yalikuwa yanajikusanya. Alimwambia mtoto asimfungulie mtu mlango, akakaza mwendo hadi duka la dawa la pale kwenye kona.

Mtaani walimwita Mama Uyoga, ingawa kilichomlisha kilikuwa cherehani. Uyoga ulikuwa mapenzi tu. Wengine wanafuga njiwa, wengine wanashangilia mpira mpaka wanavunjana pua. Yeye alikuwa na chumba cha nyuma chenye kitundu kimoja cha hewa, mifuko ya majani makavu inaning'inia humo, na uyoga mweupe unachomoza ubavuni mwa mifuko. Kwa ajili ya chumba hicho walimwita mchawi. Haohao waliomwita mchawi walikuja na bakuli kuomba mboga. Binadamu ndivyo tulivyo, tusijifanye hatujijui.

Kilichokuwa na thamani hasa hakikuwa chumbani. Kilikuwa kwenye droo ya chini ya friji: chupa ndogo za dawa, ndani yake maji ya viazi yaliyogandishwa kama jeli, na juu yake nyuzinyuzi nyeupe laini kama pamba. Hiyo ndiyo mbegu mama. Ukiwa nayo, unapandikiza kipande kidogo kwenye nafaka, unahamishia kwenye mifuko, na unavuna uyoga uleule mwaka nenda mwaka rudi. Ikifa, imekufa.

Na mbegu hii ilikuwa ya dada yake. Dada ndiye aliyeuchuma uyoga wa kwanza kwenye gogo bichi, akaukuza, akafunga shingo ya kila chupa kwa uzi mwekundu wa cherehani, kwa fundo lake mwenyewe la kuzungusha mara mbili na kuficha ncha ndani. Dada alifariki mwaka uliopita. Aliacha chupa hizo, na binti wa darasa la kwanza aliyeng'oka meno ya mbele, ambaye mama yake mdogo alimtania kwa jina la Kibogoyo mpaka likawa jina.

Mama Uyoga alirudi na spiriti yake, akafungua friji kuangalia.

Harufu ikamlaki.

Chupa zote zilikuwa zimegeuka kijani. Joto limeingia, na ukungu wa kijani hausubiri mwaliko. Alizitoa moja moja, akizielekeza kwenye mshumaa, akitafuta hata moja iliyopona. Hakuna. Aliketi sakafuni palepale jikoni akalia, na alilia kwa sauti, maana siku ya mazishi alikuwa na wageni wa kuwahudumia na hakupata nafasi.

Mvua ikaanza. Halafu hodi.

"Hodi..."

Sauti ilikuwa ya chini, ya mwanamke. Mama Uyoga alijifuta uso akafungua kidogo. Mgeni alikuwa amesimama kwenye mvua, shuka imemfunika kichwa. Mvua ilikuwa inamwagika, lakini viatu vyake vilikuwa vikavu.

"Pole kwa kupotelewa," mgeni alisema.

Mama Uyoga alidhani anampa pole ya dada. Baadaye alijiuliza sana kuhusu hilo.

"Dada yako alinipa hii. Nimeirudisha."

Akanyoosha mkono. Kiganjani kulikuwa na chupa ndogo, nyuzi zake nyeupe, safi, na shingoni uzi mwekundu. Fundo la kuzungusha mara mbili. Ncha imefichwa ndani.

Sasa, wakuza uyoga wana mwiko mmoja, na dada ndiye aliyemfundisha: mbegu ikishatoka nje ya nyumba, hairudi ndani. Unaweza kuigawa upendavyo, ila usiipokee tena, kwa sababu hujui huko ilikokwenda imekutana na nini. Mama Uyoga aliujua mwiko huo kama anavyolijua jina lake. Lakini mtu mwenye kiu haulizi kisima ni cha nani.

Akashika chupa. Mgeni hakuiachia.

"Sema umeipokea."

"Nimeipokea."

"Ahsante," mgeni akanong'ona. "Na mtoto hajambo?"

Akaondoka kabla hajajibiwa. Mlangoni ilibaki harufu ya udongo uliofukuliwa siku hiyohiyo.

Mbegu ile ilikua kwa pupa. Mifuko iliyozoea kusubiriwa wiki kadhaa ilijaa weupe kabla hata aliyeipanda hajaanza kuhesabu siku. Mama Uyoga alifurahi, mnajua furaha ya mtu aliyedhani amefiwa mara mbili kumbe ni mara moja? Alikuwa anashona huku anaimba. Mpaka siku alipoingia na beseni ili avune.

Uyoga hufuata hewa na mwanga. Ndivyo ulivyoumbwa, pale penye kitundu, huko ndiko unakoelekeza kofia zake. Huu ulikuwa umekipa kitundu kisogo. Mifuko yote, juu hadi chini, uyoga ulikuwa umeelekea ukuta wa ndani.

Nyuma ya ukuta huo kulikuwa na kitanda cha Kibogoyo.

Na Kibogoyo alikuwa ameanza kukohoa.

Hakupuuza, msije mkamsema. Alimpeleka hospitali siku hiyohiyo. Daktari alimsikiliza mtoto kifua, akauliza nyumbani kuna nini, akaambiwa, akatikisa kichwa. "Ni vumbi la uyoga, mama. Ukiiva unapeperusha vumbi, linaingia mapafuni. Mhamishe mtoto alale mbali na hicho chumba, na uvune mapema." Maneno ya maana kabisa. Akakihamishia kitanda sebuleni, upande wa pili wa nyumba, kuvuna akakuacha hadi kesho.

Asubuhi akafungua chumba cha nyuma.

Uyoga ulikuwa umegeuka. Mashina yamejipinda kama shingo za watu wanaochungulia, na kofia zote zimeelekea sebuleni.

Kutwa nzima cherehani haikulia. Mtoto alikuwa amelala na homa, akikohoa kikohozi kikavu, na mto wake ulikuwa na utando mweupe mwembamba ambao Mama Uyoga aliufuta kwa kitambaa cha spiriti bila kutaka kuuangalia. Jua lilipozama alichukua kisu, akaingia chumba cha nyuma kwenda kukata kila kitu.

"Mkia..."

Kisu kilimponyoka.

Mtu mmoja tu duniani aliwahi kumwita Mkia, kwa sababu utotoni alikuwa habanduki nyuma yake, akienda kisimani yupo, akienda chooni yupo. Sauti ilitoka kwenye mifuko. Ilikuwa sauti ya dada, na ukwaruzo wake uleule.

"Dada?" Moyo ulijibu kabla ya akili.

"Mlete mwanangu, Mkia. Nimuone."

Machozi yalimtoka. Mkono ulikuwa tayari uko kwenye kitasa. Niseme kweli, alikuwa anakwenda kumleta.

"Mlete..."

Akasimama.

"Mlete, Mkia. Nakuomba, mlete..."

Dada yake hakuwahi kuomba kitu mara mbili. Akikuagiza maji ukazubaa, unamkuta ameshakwenda kuyachota mwenyewe, na aibu umebaki nayo wewe. Hata kitandani, siku ya mwisho, alisema "Mlee" mara moja tu, akageukia ukutani. Kiburi hicho kilimuudhi Mama Uyoga maisha yake yote. Jioni hiyo kilimwokoa.

"Wewe si dada yangu," alisema. Akakiacha kisu pale kilipoanguka. "Wewe ni ukungu uliojifunza jina langu. Na ukungu mimi naijua dawa yake."

Aliwasha moto uani, akabandika pipa la maji, lile analochemshia majani ya mifuko. Ikichemka sana mbegu hufa, yenyewe na chochote ilichobeba. Hilo nalo dada ndiye aliyemfundisha. Akambeba Kibogoyo na blanketi lake, akamkalisha kwenye kigoda karibu naye, maana hakutaka kumwacha peke yake ndani. Kisha akaanza kuvuta mifuko, mmoja mmoja, na kuitumbukiza.

Mfuko wa kwanza ulipozama, mtoto alilia.

"Mama mdogo, unaniunguza..."

Akaganda na mfuko wa pili mkononi.

"Mama mdogo, inauma. Niache..."

Akageuka kumtazama Kibogoyo.

Mdomo wa mtoto ulikuwa umefungwa.

Macho yalikuwa makubwa, yanaangalia pipa. Na sauti yake ilikuwa inalia humo, kwenye maji, inaita, inabembeleza. Mama Uyoga aliushusha mfuko wa pili chini. Halafu hasira ikampanda, hasira safi, ya mtu aliyechezewa mtoto wake, akaongeza kuni.

"Lia," akaliambia pipa. "Lia mpaka uchoke. Huyu nimeachiwa mimi."

Akatumbukiza mifuko yote. Akatumbukiza nafaka. Mwisho akachukua ile chupa, na hapo mkono ulisita, nisiwadanganye, kwa sababu fundo lile lilikuwa fundo la dada na hakuna atakayelifunga tena. Akalibusu. Akaitupa majini.

Sauti ikakatika.

Kibogoyo akapaliwa, akainama, akatapika kwenye beseni utando mweupe, na katikati ya utando kulikuwa na kipande cha uzi mwekundu. Kilikuwa kimefungwa fundo.

Mtoto akavuta pumzi ndefu, akaomba chai.

Fundi friji wa jirani, alipokuja kuangalia friji na kusimuliwa, alicheka mpaka akaweka bisibisi chini. "Nyumba ya fundi cherehani, mtoto atameza nini kama si uzi? Na homa ikipanda mtu anasikia mengi, hata asiye na homa, kwa kukesha." Daktari naye alifurahi kwamba kifua kimesafika. Chumba kimepakwa chokaa, siku hizi kinawekwa vitambaa. Mama Uyoga hakubishana na mtu. Mwenye mzigo ndiye ajuaye uzito wake.

Ila kila jua likielekea kuzama, anabandika sufuria kubwa ya maji jikoni. Majirani wanadhani ni ya kuogea.

Hodi ilikuja tena jioni ya kiangazi, hakuna mvua, hakuna wingu. Safari hii viatu vya mgeni vilikuwa vimelowa chapachapa. Mkononi alishika chupa tupu.

"Nimekuja kuchukua changu."

"Nilikichemsha."

"Basi nitapata kingine," mgeni alinong'ona, akichungulia juu ya bega la Mama Uyoga, ndani ya nyumba. "Chupa ninayo. Na mtoto, meno yameanza kuota?"

Mama Uyoga hakuwahi kumwambia habari za meno. Alirudi nyuma hatua chache, bila kumpa mgeni kisogo, akashika sufuria kwa vitambaa viwili, akarudi nayo mlangoni, mvuke unamfunika uso.

"Sogea," alisema polepole. "Nataka nikuone vizuri. Sogea tu, karibu."

Mgeni hakusogea. Akatabasamu, na kinywani mwake palikuwa peupe tu, laini, bila mgawanyiko wa jino na jino. Kisha uani hapakuwa na mtu. Palibaki nyayo za maji zinazoishia kizingitini.

Mama Uyoga alifunga mlango, akarudisha sufuria motoni, akamwita Kibogoyo chini ya taa.

"Achama."

"Mama mdogo, tena?"

"Achama, nimesema."

Kwenye ufizi wa mbele kulikuwa na kitone cheupe. Asubuhi hakikuwapo. Alikiangalia mpaka macho yakamwuma, nyuma yake maji yakitokota. Halafu akanyoosha kidole, akakigonga kwa ukucha.

Kigumu.

"Ni jino," akasema, na akarudia kwa sauti kubwa zaidi, ameelekeza uso mlangoni, ili na wa nje asikie. "Ni jino la mtoto wangu."

Kisha akaongeza maji kwenye sufuria.