Vinundu vya Maharage ya Mapendo

Mapendo alikuwa akipalilia maharage yake huko bondeni Kamanyola, na shamba lilipendeza kweli. Ndilo lililotegemewa kulisha watoto mpaka msimu mwingine. Mara jembe likateleza, likang'oa shina moja. Mizizi ilijaa vinundu vidogo.

Mumewe, Norbert, alitazama akatoa macho.

"Hii iko bugonjwa! Tung'oe yote, tuchome."

Hakusema ovyo. Muhogo ulipougua, wakulima wa bonde walifundishwa kung'oa mashina yenye ugonjwa na kuyachoma. Lakini Norbert akishika fundisho moja, hulitumia kwa kila kitu! Akaanza kung'oa. Mstari mzima ukalala chini, na Mapendo akaingiwa na hofu.

"Acha kwanza, baba Shalom! Minye naenda kuita agronomu."

Agronomu, yaani mtaalamu wa kilimo, alikuwa jirani yao Eliane. Alifika upesi, akabandua kinundu kwa ukucha.

"Munaona? Bugonjwa ya minyoo inavimbisha muzizi yenyewe, haibanduke. Hii imebanduka." Akakipasua. Ndani kilikuwa chekundu.

"Iko na damu!" Norbert akaruka nyuma.

Eliane alicheka mpaka akashika kiuno. "Ni chuma, ndugu yangu. Hata damu yako iko nyekundu sababu ya chuma. Humu munaishi vijidudu vizuri. Viko na chuma na madini ingine, molibdeni. Hayo ndiyo kichocheo: yanasaidia vijidudu kugeuza hewa kuwa chakula ya maharage."

"Na hiyo chuma haiishe?" Mapendo aliuliza.

"Haiishe. Ni kama mafiga. Chakula inaiva, unaipakua, mafiga inabaki, unabandika sufuria ingine."

Norbert akashika kichwa. "Kumbe nilitaka kuchoma mbolea yetu!"

"Kinundu chekundu ndani kinafanya kazi," Eliane akaeleza. "Cheupe hakifanye kazi. Na mukivuna musing'oe. Mukate shina, mizizi ioze mu udongo."

Wakafanya hivyo. Maharage yalizaa mpaka mikeka ikakosa nafasi, na Mapendo akapiga vigelegele katikati ya shamba bila haya. Mahindi waliyopanda baadaye mahali pale yalinawiri, wapita njia wakawa wanasimama kuyatazama.

Kwenye mkutano wa wakulima, walipoulizwa siri ya mavuno hayo, Norbert, mtu asiyependa kushindwa, alisimama mbele ya wote.

"Musiniulize minye," alisema kwa sauti kubwa. "Muulize bibi yangu, mama Shalom. Yeye ndiye alishika mukono yangu, nisichome yote."