Mto Mtupu Kando ya Bi Harusi

Kompyuta ilinuka udi. Haya, niambie wewe, tangu lini kompyuta ikanuka udi? Moinaecha aliiinamia akainusa kama anusaye maziwa yaliyolala, kisha akajiambia ni nguo zake tu, kwani alikuwa amerudi kutoka kisiwa cha Nosy Be jana, na harusi ya Wangazija haimwachi mtu bila kumfukiza. Akaendelea na kazi. Alikuwa hoi bin taaban.

Mwezi wa nane ndio mwezi wa harusi, ndugu wamerudi kutoka Ufaransa, kila nyumba inataka picha. Na upande wa wanawake, vichwa wazi na mabega wazi, kamera ya mwanamume haiingii. Kwa hiyo wote humwita Moinaecha. Ana sharti lake: hurekebisha picha palepale harusini, akimaliza hufuta kadi ya kamera mbele ya mama wa bi harusi, asije akaondoka na mke wa mtu mkobani. Hubaki na moja tu, ile kubwa ya kutundikwa chumbani kwa maharusi, aje kuichapisha Mahajanga.

Na hiyo moja ndiyo iliyomponza. Bi harusi alikuwa amekaa mkekani na shangazi zake, na kando yake palikuwa na mto mwekundu usiokaliwa na mtu, juu yake kichupa cha marashi. Lile pengo lilimkera Moinaecha. Kwenye kompyuta alinakili kipande cha mkeka, akafunika mto, akawasogeza shangazi, picha ikajaa vizuri. Hakuuliza. Akafuta kadi, akapanda boti akisinzia.

Sasa alikuwa nyumbani Mahajanga, mtaa wa Tsaramandroso, na mama yake, Bi Saïda, alikuwa mlangoni. Miguu ya Bi Saïda ilikufa ganzi zamani, haikunjiki, na starehe yake yote iliyobaki duniani ilikuwa mto wake wa pamba pale mlangoni, atazame wapita njia na kuwasengenya. Adhuhuri ile Moinaecha alimkuta sakafuni.

"Mama! Umeanguka?"

"Nimesukumwa, mwanangu," alinong'ona Bi Saïda. "Sema polepole. Kuna mtu amekaa."

Mto ulikuwa umebonyea katikati.

Moinaecha aliupigapiga ukafutuka, akamrudisha mama yake, akaenda jikoni. Na kabla maji hayajachemka akasikia kitu kizito kikiburutwa, akarudi mbio, akamkuta mama yake tena sakafuni, kanga imemvuka, analia kimya kama mtoto aliyekatazwa kulia, na mto umebonyea vilevile, na harufu ya udi imejaa chumba kizima ingawa chetezo kilikuwa baridi tangu Ijumaa, na ndani ya harufu ile mtu fulani anashusha pumzi, taratibu, kama mgeni aliyetembea sana.

Ikawa hivyo siku baada ya siku. Bi Saïda aliacha kula. Moinaecha aliogopa, tena aliogopa kweli, kwamba mama yake atamfia mikononi.

Ndipo Bi Zoubeida, mama wa bi harusi, alipopiga simu kutoka Nosy Be. Alikuwa ametumiwa picha aione.

"Mwanangu, mto wa Bibi uko wapi?"

"Bibi gani?"

"Ole wangu! Yule jini wa nyumba yetu. Alikuja na nyanya zetu kutoka Ngazija. Kila harusi tunamwekea pake, asijitafutie mwenyewe."

Fundi Maoulida, mganga wa mtaani, alikuja alasiri, akanusa, hata mkoba hakuufungua.

"Huyu simfukuzi," alisema. "Hana kosa. Umemnyang'anya pa kukaa, mrudishie."

"Fundi, kadi nimeifuta. Maji yakimwagika hayazoleki."

"Basi piga picha mto mwingine, umtilie. Lakini uwe mpya, usiowahi kukaliwa. Umenisikia?"

Alisikia. Lakini maduka yalikuwa yanafungwa, umeme unakatika kila mara, mama analalamika chini, na macho ya Moinaecha yalikuwa yanajifunga yenyewe. Mto ni mto, alisema. Aliupiga picha mto wa mlangoni, akaukata kingo zake, akautia wekundu, akauweka kando ya bi harusi. Akaituma picha Nosy Be.

Harufu ikakatika palepale! Bi Saïda akarudi kwenye mto wake, akatulia. Moinaecha akalala kama gogo.

Asubuhi aliamshwa na simu, sauti ya Bi Zoubeida. "Ahsante, mwanangu, mto tumeuona. Lakini huyu bibi uliyemkalisha juu yake ni nani? Kwetu hatumjui. Mbona anatutazama kama anataka kwenda kwao?"

Moinaecha alifungua kompyuta. Katikati ya wanawake wa Nosy Be, juu ya mto mwekundu, alikuwa amekaa mama yake, miguu imenyooka mbele, kanga imemvuka, mkono mmoja umenyooshwa kuelekea kwa mpiga picha.

"Mama?" aliita.

"Labeka, mwanangu," ilijibu sauti ya Bi Saïda kutoka mlangoni.

Alikuwa amempa mgongo, anatazama wapita njia. Chumba kilinuka udi. Na miguu alikuwa ameikunja vizuri chini yake, kama mwali.