Scovia na Sikukuu za Nchi Mbili

Asubuhi, ukungu ulishuka polepole juu ya Saio, mtaa mmoja wa mji wa Bunia, mweupe kama maziwa. Nyumba zilipotea. Pikipiki zilisikika tu, hazikuonekana. Mwalimu Scovia aliipenda saa hiyo. Aliwasha makaa, akatenga chai motoni, akajiwazia kana kwamba ng'ambo ya njia, ndani ya ule weupe, kuko uwanja wa mama yake wa kule Paidha, Uganda.

Scovia alizaliwa Uganda. Aliolewa na Osée, seremala wa Bunia, na sasa alifundisha Kiingereza katika shule moja ya watu binafsi. Mtoto wao, Ketsia, alikuwa ameanza kutembea. Bibi yake wa Paidha alikuwa hajamwona hata mara moja. Na macho ya bibi huyo yalikuwa yanazimika.

"Dunia inapungua kila mwezi," mama alimwambia Scovia kwenye simu. "Niletee huyo mtoto nimwone kabla haijaisha."

Mwezi wa kumi, Scovia alimwendea mkurugenzi wa shule, Monsieur Eugène.

"Monsieur le Directeur, tarehe tisa ni sikukuu ya uhuru wa Uganda. Naomba nipumzike, niende kwa mama."

"Hapa haiko Uganda, Madame," mkurugenzi alijibu. "Ile siku tuko na masomo."

Scovia alirudi darasani. Watoto waliimba majina ya rangi kwa Kiingereza. Yeye alisikia sauti ya mama yake.

Januari ikafika. Mkurugenzi aliwatangazia walimu kwamba tarehe kumi na sita na kumi na saba ni férié, sikukuu ambazo watu hawaendi kazini, za kukumbuka mashujaa wa taifa. Mwaka huo Jumapili ilifuata papo hapo. Scovia alianza kuiona njia ya Mahagi, ile ya kwenda mpakani, na vilima vyake vikipita dirishani. Ndipo mkurugenzi alipomwita pembeni.

"Weye utakuja kusahihisha kopi za watoto. Hizi ni siku za mashujaa wetu. Weye uko mugeni."

Jioni Scovia aliketi karibu na moto, macho yakiwa mbali.

"Mama Ketsia, maharagi inaungua!" Osée alisema, akakimbilia sufuria.

"Mwezi wa kumi aliniambia hapa si Uganda," Scovia alisema. "Leo ananiambia mimi si Mkongomani. Sasa mimi niko inchi gani?"

Osée aliepua sufuria. "Twende kwa Mama Valérie," alisema.

Valérie alikuwa jirani yao. Alifanya kazi katika Inspection du Travail, ofisi ya serikali inayoangalia mambo ya wafanyakazi na waajiri wao. Alisikiliza mpaka mwisho, huku amempakata Ketsia.

"Mama Ketsia, nitakuambia ukweli wote, hata ule hautakufurahisha," alisema. "Férié inafuata inchi unatumikia, haifuati passeport. Tarehe tisa ya mwezi wa kumi ni ya Uganda. Hapa ni siku ya kazi. Siku ile mukurugenzi hakuvunja sheria."

Scovia aliinamisha kichwa.

"Lakini unaweza kuomba ruhusa mbele ya wakati. Akikubali, vizuri. Na kama siku ile ni ya lazima kwako, uiseme kabla ya kusaini contrat ya kazi."

"Na hizi za Januari?"

"Hizi ni zako! Sheria ya kazi ya Congo inamulinda kila mutu mwenye kutumika hapa, mwenyeji na mugeni. Unapumzika kama wenzako, na mushahara haukatwi. Mwambie kwa upole. Akikatala, mukuje wote wawili ku bureau yangu, tuongee."

Kesho yake Scovia alisimama mbele ya meza ya mkurugenzi.

"Monsieur le Directeur, mwezi wa kumi wewe ulikuwa na haki, nami nilikosea. Ninafuata siku za inchi ninapotumikia. Basi niache nizifuate zote, za kazi na za kupumzika."

Mkurugenzi alivua miwani. "Mi nilizania férié iko ya raia tu," alisema. "Acha niulize."

Aliuliza. Kabla ya masomo kwisha aliingia darasani kwa Scovia. "Samahani, Madame. Kopi zitangoja." Akapita pia kwa mwalimu wa hesabu, mtu wa Burundi, ambaye miaka yote alifanya kazi siku hizo bila kusema neno. Mwalimu yule alicheka peke yake, kama mtu aliyeamshwa kutoka usingizi.

Ijumaa alfajiri, Scovia, Osée na Ketsia walipanda gari la kwenda mpakani. Vilima vilipita. Scovia alijifinya mkono mara kwa mara, asije akawa anaota.

Kule Paidha, mama alimpokea mtoto mlangoni. Alimgeuza kuelekea jua. Akausogeza ule uso mdogo mpaka pua zao zikakaribia kugusana. Ketsia alimshika shavu bibi yake, akatulia.

"Ana masikio ya marehemu baba yako," mama alisema taratibu.

Chakula kikaiva. Scovia akaja kumchukua mtoto.

"Mama, ingia ndani tule."

"Ngoja," mama alisema, bila kugeuka. "Sijamaliza kumwona."