Mwezi Haukuchelewa

Redio ilikoroma saa nne asubuhi.

"Mkasi, kata uzi."

"Nimekupata."

Jasusi Mkasi akausukuma mlango wa kituo cha kupimia sumaku ya dunia, Glock mkononi. Mzee mtunza kituo alikuwa anakunywa chai.

"Bastola ya nini, mwanangu? Hapa tunawinda namba tu."

Chini ya bahari, mlangoni mwa bandari, kipimo chao kilihisi kila chuma kilichopita. Siku nne hakikuonyesha kitu. Siku nne mabomu yakaingia mjini. Jana moja lililipuka sokoni.

Mkasi akamtupia karatasi yenye mstari wa kipimo wa siku hizo nne.

"Jua linaupandisha mstari huu kila mchana. Mwezi nao unautikisa kidogo. Kila siku unachelewa, sivyo?"

"Dakika hamsini hivi."

"Kwako haukuchelewa hata moja. Ulirekodi siku moja, ukairudia mara nne. Umezeeka ukiuhesabu mwezi, halafu unausahau."

Mzee akaweka kikombe chini.

"Mabomu ya leo yanapita saa ngapi?" Mkasi aliuliza.

"Sijui."

Mkasi akamvunja kidole, taratibu, kama chaki.

"Nne na nusu! Nyambizi yao imetoa antena juu ya maji, inangoja niseme njia nyeupe."

"Nani anaendesha hiyo nyambizi?"

Mzee alikuwa analia. "Mdogo wangu. Tumbo moja. Niache nimwambie ageuze, nitakupa majina yote."

"Mwambie apite. Ukimwonya, nakwenda kwa binti yako."

Mzee akapiga simu.

"Kaka, mbona unahema kama umepanda ngazi?" Sauti ilicheka.

"Chai ya moto. Njia nyeupe. Pita, mdogo wangu."

"Basi nibakishie."

Mkasi akaichomoa rekodi ya uongo. Mstari wa kweli ukajitokeza kwenye skrini. Nje ya bandari, manowari ya wenzake Mkasi ilikuwa tayari.

Saa nne na dakika thelathini na mbili, mstari uliruka.

Madirisha yakatetemeka.

Mstari ukashuka, lakini haukurudi ulipokuwa. Chuma kilikuwa kimelala chini, palepale kwenye kipimo.

Mzee aliutazama bila kupepesa.

"Kimezama," Mkasi aliiambia redio. "Njooni mchukue mtu."

Akaichomeka bastola kiunoni.

"Binti yangu," mzee alinong'ona. "Hutamgusa?"

Mkasi alikuwa ameshafika mlangoni.

"Sijui hata anaishi wapi."

Akatoka, akavaa miwani ya jua.