Mkeka wa Pelenatete Uliovuka Bahari

Jumatatu asubuhi, tarehe 14 Aprili, Pelenatete wa kijiji cha Safotu, Samoa, alifungua kasha akakuta mkeka wake wa heshima haupo. Mama yake aliusuka miaka minne: laini kama kitambaa, manyoya mekundu ukingoni, na kona moja ina kiraka cha umbo la samaki. Kasha halikuvunjwa. Aliyeuchukua alijua ufunguo unapowekwa.

Dada yake Lusia, aliyerudi juzi kutoka mazishi ya shemeji yake huko Auckland, New Zealand, hakungoja Sajini Lagi wa polisi amwulize.

"Nilimwona Etuale ameubeba kabla sijasafiri. Roho inaniuma, sajini. Ni mtoto wa dada yangu."

Etuale, mwana wa Pelenatete, alikuwa mlevi zamani. Watu wakaamini upesi.

Sajini Lagi alimhoji siku hiyo hiyo. "Umempa nani?"

"Nimpe nani, sajini? Mkeka ule kisiwa kizima kinaujua! Ningeutia sokoni, wamama wangenipasua kichwa kabla hujafika."

Lagi akaona ana hoja. Hapa usingefichika. Akaenda kwa Lusia.

"Mama, Auckland ulipeleka nini?"

"Boksi mbili za nyama ya kopo."

"Mkeka je? Msiba wa ukweni, uende na kopo tu?"

"Siku hizi hawaangalii."

"Labda ukweni kwako. Kwangu wangenisema mpaka nife."

Lagi alipiga simu Auckland, akatumiwa video ya mazishi. Kiraka cha samaki kilionekana. Hakimu wa Apia, mji wetu mkuu, akaikataa.

"Simu haiapi, sajini. Niletee mtu wa kuhojiwa."

Ikabidi serikali iiandikie serikali ya New Zealand, shahidi aapishwe huko huko. Barua ilichukua wiki tisa, na Etuale akazingoja rumande. Kila Jumamosi Lusia alimpelekea magimbi ya moto.

"Kiri tu, mwanangu. Hakimu atakuonea huruma."

Tarehe 19 Juni, saa nne kwetu, saa tatu kwao, mzee Fuimaono alionekana kwenye skrini ya mahakama ya Apia, mwenyewe akiwa katika mahakama ya Auckland. Akaapa. Yeye ndiye aliyepokea mikeka msibani.

"Huu ulitoka kwa nani?" wakili wa Etuale alimwuliza.

"Kwa Lusia wa Safotu. Alinisihi niupitishe umekunjwa. Nikamwambia, mama, mkeka haupiti kimya kama mwizi! Nikaukunjua, nikatangaza jina lake mara mbili. Watu wakashangilia."

Pelenatete akamgeukia dada yake.

"Ungeniomba, Lusia."

"Kukuomba! Majani ya mkeka ule nilichambua mimi, vidole vikachanika. Mama akakupa wewe. Niende ukweni mikono mitupu, wewe umekalia kasha?"

"Na mtoto wangu?"

Etuale akaachiwa, Lusia akashtakiwa, akapewa dhamana.

Kwetu mkosaji hupiga magoti mbele ya nyumba ya aliyemkosea, amejifunika mkeka wa heshima, mpaka mwenye nyumba atoke aufunue, ndiyo msamaha. Jumamosi asubuhi Lusia alikuja akapiga magoti kwa Pelenatete. Mkeka hakuwa nao, alijifunika shuka.

Kufika adhuhuri jua lilikuwa kali. Etuale alisimama.

"Mama, nimfunue?"

"Keti ule," Pelenatete alisema, akamsogezea sahani.