Moyo wa Masolwa Baada ya Mafua

Mwaka 1957 mafua makali yalipita Itetemia, nje ya Tabora. Masolwa, mrina asali, alilala siku sita akitetemeka kwa homa. Siku ya saba alikula ugali, akajiona mzima.

Kwao, mtu akiinuka kitandani baada ya kuugua hujitwisha mzigo akaenda nao mjini, majirani waone kwamba kapona. Babu yake aliyebeba pembe za ndovu hadi pwani alifanya hivyo. Masolwa naye akajitwisha debe la asali.

"Baba Anton, jana tu ulikuwa hoi," alisema mkewe, Flavia.

"Jasho litamaliza mabaki ya homa."

Flavia akamfuata kwa wasiwasi. Hawakufika mbali. Kifua kilimbana Masolwa, moyo ukaenda mbio, pumzi ikakatika. Akatua debe, akakaa chini. Aliogopa, na aibu ikamshika vilevile. Bahati nzuri Bwana Yahaya, dresa, mganga msaidizi wa hospitali ya Kitete, alikuwa anapita. Akampima mapigo, akampeleka kwa daktari siku ile ile. Masolwa akalazwa.

"Mafua si yameisha?" Masolwa alimuuliza Yahaya wodini.

"Yameisha. Lakini yaliletwa na virusi, vijidudu vidogo mno. Mwili una askari wa kupigana navyo. Kwa watu wengi, askari wakishinda hutulia. Kwa wachache hupitiliza, wakaumiza hata nyama ya moyo. Moyo wako umevimba."

"Askari wangu mwenyewe wananipiga mimi?"

"Wamelewa ushindi, bwana."

Masolwa akacheka mpaka akakohoa.

"Usicheke sana," Yahaya alisema. "Moyo huu ukiuchosha, unaweza kusimama ghafla. Miezi sita usipande mti, usibebe debe. Na mtu yeyote akiumwa kifua, akihema bure au akivimba miguu baada ya mafua, aje hospitali mapema."

"Miezi sita! Wataniita mvivu."

"Acha wakuite," Flavia akadakia. "Mvivu namtaka. Maiti simtaki."

Masolwa akaruhusiwa kwenda nyumbani, akatii kwa manung'uniko mengi. Mdogo wake Mahona alirina asali, yeye akakaa chini ya mti akimkosoa.

Miezi sita ilipotimia, daktari alisikiliza kifua chake, akasema moyo umepona. Masolwa na Flavia wakarudi kwa miguu. Njia nzima Masolwa alipiga domo bila kutua apumue. Flavia alifurahi mno, hata hakumwambia anyamaze.